Kupima Uwezo wa Mwili: Tujifunze kwa Wachezaji wa Barafuni



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo mwanzoni laweza kuonekana liko mbali sana na nyumba zetu, nalo ni jinsi wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni wanavyopimwa uwezo wa miili yao. Wengi wetu hatujapata kuona barafu isipokuwa ile ya friji. Hata hivyo tumeuchagua mchezo huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni michezo michache inayoudai mwili mambo mengi kwa wakati mmoja kama huu, kwa hiyo vipimo vyake vinatuonyesha vizuri jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Pili, maswali wanayojiuliza makocha na madaktari wa mchezo huo ndiyo yale yale anayojiuliza mzazi mtoto anapotoka nyumbani na raba zake mkononi. Je, mwili wake uko tayari? Je, moyo wake ni mzima? Na akishindwa kipimo, ina maana hafai?

Jibu letu kwa kifupi ni hili: kipimo kizuri kwanza humlinda mchezaji, kisha humwonyesha njia ya kufanya mazoezi. Hakikuwekwa ili kumhukumu mtu. Tuyaangalie mambo hayo moja baada ya jingine.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Mpira wa magongo wa barafuni ni mchezo wa nchi za baridi kali. Nchini Kanada sheria ya mwaka 1994 iliutambua rasmi kuwa mchezo wa taifa wa majira ya baridi. Kila timu huingiza wachezaji sita, akiwemo mlinda mlango, katika uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 60 hivi. Huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, ili wateleze. Hawachezei mpira wa duara bali kisahani cha raba ngumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20. Wachezaji huteleza kwa kasi inayoweza kupita kilomita 30 kwa saa, husimama ghafla, hugeuka, na hupigana vikumbo vya mabega.

Hata hapa Afrika Mashariki mchezo huu umefika. Mwaka 2005 uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa ndani ya hoteli moja jijini Nairobi, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya iitwayo Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza pamoja na nyota wawili wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Jambo la kuangalia zaidi ni hili: mchezaji hakai uwanjani muda wote. Huingia, hucheza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, kisha hutoka na kukaa benchi kwa dakika kadhaa huku mwenzake akichukua nafasi yake. Halafu huingia tena. Katika mchezo mmoja anaweza kufanya hivyo mara 20 au zaidi. Kwa hiyo haitoshi kwamba anaweza kukimbia sana mara moja. Swali kubwa ni kama anaweza kukimbia sana, apumzike kidogo, kisha akimbie sana tena, mpaka kipindi cha tatu.

MOTO WA AINA TATU

Ili tuelewe vipimo, yatupasa kwanza kujua mwili unapata wapi nguvu. Tuchukue mfano wa jikoni. Mama anapowasha jiko la mkaa, huanza na karatasi, kisha vijiti vikavu, na mwisho mkaa wenyewe hushika moto.

Misuli nayo ina moto wa namna tatu. Moto wa kwanza ni kama karatasi: huwaka mara moja kwa nguvu nyingi, lakini baada ya sekunde kama 10 umekwisha. Ni nguvu iliyohifadhiwa ndani ya misuli yenyewe, nayo ndiyo inayotumika kuruka au kuchomoka ghafla. Moto wa pili ni kama vijiti vikavu. Mwili huichoma sukari haraka bila kungojea oksijeni ya kutosha. Moto huu ni mkali, lakini baada ya nusu dakika mpaka dakika moja miguu huwa mizito na misuli huanza kuuma. Moto wa tatu ni kama mkaa. Huanza polepole, lakini ukiwa na hewa ya kutosha huwaka muda mrefu. Huu hutegemea mapafu, moyo na damu kufikisha oksijeni kwenye misuli. Ndio huo ambao watu huuita pumzi.

Mchezaji wa barafuni hutumia moto wote watatu. Sekunde 45 za uwanjani humaliza karatasi na vijiti. Akiwa benchi, ni mkaa ndio unaofanya kazi ya kuirudisha ile nguvu iliyotumika. Mwenye pumzi ndogo hurudi uwanjani kabla mwili wake haujajaza akiba. Hapo huanza kuchelewa, kukosea na hata kuumia.

SOMO LA MWAKA 1972

Zamani wachezaji wengi wa kulipwa wa Kanada na Marekani hawakuyajali sana mambo haya. Wakati wa kiangazi walipumzika, na waliporudi kambini ndipo walipoanza kuutafuta tena uwezo wa mwili.

Mwezi Septemba mwaka 1972 nyota wa Kanada walikutana na timu ya Urusi ya Kisovyeti katika michezo minane. Wakanada wengi waliamini kwamba timu yao ingeshinda kwa urahisi. Mchezo wa kwanza ulifanyika Montréal tarehe 2 Septemba. Kabla dakika saba hazijapita, Kanada ilikuwa inaongoza kwa mabao 2–0. Lakini Warusi walikuwa watu wa mazoezi ya mwaka mzima, ya barafuni na ya nchi kavu. Waliendelea kwa kasi ile ile wakati wenyeji walipokuwa wakihema. Mchezo ulikwisha Warusi wakiwa na mabao 7 na Kanada 3.

Kanada ilijitahidi, na mwisho wa michezo yote minane ilipata ushindi mara nne, ikashindwa mara tatu na kutoka sare mara moja. Bao la mwisho, lililofungwa na Paul Henderson mjini Moscow, liliingia zikiwa zimebaki sekunde 34. Hata hivyo funzo lilibaki. Kipaji bila pumzi ni kama gari zuri lisilo na mafuta. Tangu miaka hiyo mazoezi ya mwaka mzima pamoja na vipimo vya mwili vilizidi kupewa uzito katika mchezo huo.

WANAPIMWA NINI?

Kila mwaka, kabla timu za ligi kubwa ya Amerika Kaskazini iitwayo NHL hazijachagua wachezaji wapya, vijana wapatao 100, wengi wao wenye umri wa miaka 17 au 18, huitwa mahali pamoja kupimwa. Kwa miaka mingi kuanzia 2015 shughuli hiyo ilifanyika katika mji wa Buffalo, Marekani. Vipimo vinavyotumika hapo na katika timu mbalimbali ni vya namna hii:

1. Umbo la mwili. Hupimwa urefu, uzito, na kiasi cha mafuta na misuli. Uzito peke yake hautoshi, maana watu wawili wenye kilo 80 kila mmoja wanaweza kuwa tofauti kabisa, mmoja ana misuli na mwingine ana kitambi.

2. Nguvu ya misuli. Mchezaji hukamua chombo cha mkononi kinachopima nguvu ya kushika, husukuma chuma kizito akiwa amelala chali, na hujivuta juu kwa mikono mpaka kidevu kipite chuma. Anayeshika gongo huku anasukumwa anahitaji mikono, mabega na mgongo imara.

3. Mruko. Huruka juu akiwa amesimama, na huruka mbele bila kukimbia. Kipimo hiki huonyesha moto wa karatasi, yaani nguvu ya ghafla ya mapaja na miguu, ambayo ndiyo inayomwezesha kuchomoka kwenye barafu.

4. Baiskeli ya sekunde 30. Kipimo hiki huitwa Wingate, kwa jina la taasisi ya Israeli kilikobuniwa katika miaka ya 1970. Mchezaji hukanyaga baiskeli isiyokwenda kwa nguvu zake zote kwa nusu dakika. Uzito wa kukanyaga hulingana na mwili wake: kwa kawaida ni asilimia 7.5, kwa hiyo mwenye kilo 80 huwekewa kilo 6. Mashine huandika nguvu yake ya juu kabisa, nguvu ya wastani, na jinsi ilivyoshuka. Tuseme alianza na wati 1,000 akamaliza na wati 600. Maana yake amepoteza asilimia 40. Hiki ni kipimo cha vijiti vikavu, na vijana wengi hushuka kwenye baiskeli hiyo miguu ikitetemeka na wengine wakitapika.

5. Pumzi. Mchezaji hukanyaga baiskeli au hukimbia kwenye mashine akiwa amevaa kinyago mdomoni. Kazi huongezwa kidogo kidogo mpaka asiweze kuendelea. Mashine hupima oksijeni anayotumia kwa kila kilo ya mwili wake katika dakika moja. Kijana asiye na mazoezi mara nyingi huwa na mililita 35 hadi 45. Wachezaji wazuri wa barafuni wengi huwa kati ya 50 na 60.

6. Wepesi, usawa na viungo. Huangaliwa jinsi anavyogeuka kwa kasi, anavyosimama kwa mguu mmoja, na kama nyonga, magoti na mabega yanakunjuka sawasawa. Upande mmoja ukiwa dhaifu kuliko mwingine, hilo ni onyo mapema kabla hajaumia.

7. Vipimo vya barafuni. Mtu anaweza kuwa hodari kwenye baiskeli lakini barafuni akawa mzito, kwa sababu ufundi wa kuteleza huokoa nguvu. Kwa hiyo timu nyingine huwapima wachezaji wakiwa wamevaa viatu vyao vya kuteleza. Katika kipimo kimojawapo mchezaji huteleza mita 91 hivi kwa kasi yake yote, na hurudia mara sita, kila mara akianza sekunde 30 baada ya kuanza mara iliyotangulia. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya mara ya kwanza na ya mwisho.

JE, ALIYESHINDWA HAFAI?

Hapa tunafika kwenye jambo linalowaumiza vijana wengi. Mwaka 2014 kijana mmoja Mkanada, Sam Bennett, alikwenda kwenye vipimo hivyo vya NHL akiwa na miaka 17. Wataalamu wa ligi walikuwa wamemweka namba moja kati ya wachezaji wa uwanjani wa Amerika Kaskazini. Alipofika kwenye chuma cha kujivuta, hakuweza kujivuta hata mara moja. Habari hiyo ilienea magazetini, na wengi walimcheka.

Timu ya Calgary haikuikataa taarifa ya kipimo, wala haikumkataa kijana. Mwezi Juni mwaka huo huo ilimchagua akiwa wa nne kati ya wote. Bennett alifanya kazi ya kuujenga mwili wake. Mwaka 2024 na mwaka 2025, akiwa na timu ya Florida, alitwaa Kombe la Stanley ambalo ndilo kubwa katika mchezo huo. Mwaka 2025 alifunga mabao 15 katika hatua ya mwisho ya mashindano, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua hiyo.

Tujifunze nini? Kipimo kile hakikusema uongo. Kweli mikono na mgongo wake vilikuwa dhaifu siku ile, na ilikuwa vema ajue. Lakini kipimo kilisema juu ya jambo moja, katika siku moja, kwa kijana ambaye bado alikuwa anakua. Waliotaka kusoma humo maisha yake yote walikosea.

Kwa watoto jambo hili ni kubwa zaidi. Wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kuwa darasa moja, mmoja ameshavunja ungo wa sauti na mabega yamepanuka, mwingine bado ana mwili wa mtoto. Wa kwanza atashinda kila kipimo mwaka huu. Baada ya miaka mitatu huenda yule mdogo akampita. Mwalimu au mzazi anayemwondoa mtoto timuni kwa sababu ya namba moja anaweza kuwa anakata mche kabla haujatoa ua. Na mtoto asilinganishwe na wenzake kwa kejeli, hasa kuhusu uzito, maana maneno ya namna hiyo hubaki moyoni miaka mingi.

KIPIMO KINACHOTANGULIA VYOTE

Kabla ya baiskeli na mruko, mchezaji hukutana na daktari. Hiki ndicho kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote, maana hutafuta ugonjwa ambao hauonekani kwa macho.

Tarehe 21 Novemba 2005, mlinzi wa timu ya Detroit, Jiri Fischer, mwenye umri wa miaka 25, alianguka benchi katikati ya mchezo. Moyo wake ulikuwa umesimama. Daktari aliyekuwa pale alimbonyeza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo, naye akapona. Hakurudi tena kucheza, lakini yu hai.

Tarehe 13 Oktoba 2008, kijana Mrusi, Alexei Cherepanov, mwenye miaka 19, alianguka benchi katika mji wa Chekhov, Urusi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka uwanjani, na iliripotiwa kwamba betri ya mashine ya kushtua moyo ilikuwa imekwisha. Alifariki dunia. Wachunguzi walieleza kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa.

Wote wawili walikuwa vijana wenye miili imara, ambao kwa kutazamwa tu mtu angesema hawana shida. Ndiyo sababu daktari huuliza maswali kwanza, husikiliza moyo, hupima presha, na penye shaka huagiza kipimo cha umeme wa moyo kiitwacho ECG. Nchini Italia sheria imewataka wanamichezo wa mashindano wafanyiwe kipimo hicho tangu mwaka 1982. Pamoja na hayo, hakuna kipimo kinachoona kila kitu. Ndiyo maana hata kwa waliopimwa, watu wa kutoa huduma ya kwanza lazima wawepo uwanjani.

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Mzazi hana mashine za Buffalo, lakini ana macho na masikio, na anaijua historia ya ukoo. Mtoto apelekwe kwa daktari kabla ya kuendelea na michezo kama kuna mojawapo ya mambo haya:

— Amewahi kuzimia wakati wa kukimbia au mara baada ya kukimbia.
— Huumwa kifua, au moyo humwenda mbio pasipo mpango, anapofanya mazoezi.
— Huishiwa pumzi upesi mno kuliko wenzake wa rika lake.
— Yupo ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, bila sababu kujulikana.
— Alipata maumivu ya koo na baadaye viungo vikavimba na kuuma kimoja baada ya kingine. Huenda ni homa ya rheumatiki, ambayo huharibu milango ya moyo, nayo bado inawasumbua watoto wengi katika nchi zetu.
— Ana pumu, ana ugonjwa wa seli mundu, au ukoo una ugonjwa huo. Wengi wa hawa wanaweza kucheza, ila kwa mpango wa daktari.

Aidha, mtoto mwenye homa asilazimishwe kufanya mazoezi makali. Virusi vinavyoleta mafua na homa mara chache hushambulia pia misuli ya moyo, na mazoezi makali wakati huo ni hatari. Asubiri apone kabisa.

NAMNA YA KUPIMA BILA MASHINE

Walio wazima wanaweza kujipima kwa njia rahisi. Watu wazima waliopita miaka 40 ambao hawajazoea mazoezi, wenye presha au ugonjwa wa moyo, na akina mama wajawazito, wamwone daktari kwanza.

Mapigo ya moyo. Asubuhi kabla ya kuamka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Mtu mzima kwa kawaida huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa na 50 au hata chini ya hapo.

Ngazi ya dakika tatu. Tafuta ngazi au sanduku imara lenye kimo cha sentimita 30. Panda na kushuka mara 24 kwa dakika, kwa muda wa dakika tatu. Kisha kaa chini upesi, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika namba hiyo. Kadiri pumzi inavyoongezeka mwezi hadi mwezi, ndivyo namba hiyo inavyopungua. Hiki ndicho kinachotokea kwa mchezaji wa barafuni akiwa benchi: moyo mzuri hutulia haraka.

Mbio za mita 20. Kipimo hiki kilibuniwa huko huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Luc Léger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Montréal, nacho hutumika mashuleni katika nchi nyingi. Chora mistari miwili iliyoachana mita 20. Watoto hukimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio. Huanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, yaani sekunde 8 na nusu hivi kwa kila mita 20, na kila dakika mwendo huongezwa nusu kilomita. Anayeshindwa kuufikia mstari mara mbili mfululizo huishia hapo. Mwalimu mwenye saa na filimbi anaweza kukifanya kwenye uwanja wowote tambarare.

Ili kipimo kiwe cha kweli, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Pasha mwili moto kwanza kwa dakika kama 10.
2. Usipime mara baada ya kula, wala siku inayofuata mazoezi mazito, wala jua la mchana likiwa kali. Maji ya kunywa yawepo.
3. Pima mahali pale pale, saa ile ile, kwa viatu vya aina ile ile.
4. Fuata utaratibu mmoja: mapigo ya kupumzika kwanza, kisha miruko, kisha nguvu, na pumzi mwisho. Aliyekwisha kuchoka haruki vizuri.
5. Usilinganishe ovyo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akipimwa huko atapata namba ndogo kuliko za nyumbani kwake, ingawa mwili wake ni ule ule.
6. Andika daftarini, na rudia baada ya wiki sita au nane. Namba moja haisemi mengi. Namba mbili huonyesha unakoelekea.

Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kichefuchefu aache mara moja. Hakuna aibu katika kuacha.

MTU AKIANGUKA GHAFLA

Kama mchezaji ameanguka bila kugongwa, haitikii na hapumui kawaida, tusidhani ni kifafa au uchovu. Kukoroma au kutweta kwa mbali si kupumua. Mmoja aite msaada, na mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kizame sentimita 5 hivi. Wapokezane bila kuacha mpaka msaada ufike, na kama ipo mashine ya kushtua moyo, iletwe upesi. Kamati ya michezo ya parokia ingefanya jambo jema kuwaomba wauguzi wa zahanati iliyo karibu wawafundishe vijana kazi hii kabla ya mashindano. Ni somo la muda mfupi.

TUKUMBUKE

Wachezaji wa barafuni wanatuonyesha utaratibu unaotufaa sisi sote: kwanza kuhakikisha usalama, pili kupima, tatu kufanya mazoezi kulingana na kilichoonekana, nne kupima tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kijana aliyepanda ngazi mwezi huu akahesabu mapigo 130, na mwezi ujao akahesabu 122, amepata faida ya kweli hata kama jirani yake ana 100.

Kwa hiyo, mzazi mpenzi, kabla ya msimu wa michezo kuanza, kaa na mwanao umwulize yale maswali sita ya hapo juu. Ulizia pia kwa babu na bibi habari za ukoo, maana wao wanajua ambayo sisi hatukuwahi kuambiwa. Penye jibu la shaka, nendeni hospitali pamoja. Pasipo shaka, mwache akimbie.